Chuo na kampuni vikishikana mikono, mkazi wa Ndabibi anapata nini?

Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, kuanzia Naivasha hadi Nakuru na kwingineko, ni jambo la kawaida kukutana na kijana mwenye afya njema ambaye hufunika mdomo kwa mkono kila anapocheka. Si haya za kuzaliwa. Meno yake yana rangi ya kahawia, mengine yana vishimo vidogo vidogo, na anajua kwamba akienda mbali kutafuta kazi kuna watakaodhani hajui mswaki ni kitu gani. Ukweli ni kwamba hata akipiga mswaki mara 10 kwa siku rangi hiyo haitoki, kwa maana haikutoka nje. Iliingia pamoja na maji aliyokunywa akiwa mtoto mdogo.

Nimetaja meno kwa sababu ugonjwa huu si siri. Wataalamu wameujua kwa miaka mingi, na wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu wameuandikia tasnifu nyingi zilizojaa majedwali na hesabu. Maji yamepimwa, meno yamehesabiwa, shahada zimetolewa. Lakini katika vijiji vingi mama bado anampa mtoto wake maji yale yale, kwa sababu hakuna aliyerudi kumwambia kilichopatikana wala kumletea njia ya kuyasafisha.

Siku hizi jambo hili limepata sura mpya. Vyuo vikuu vinahimizwa kila uchao vitafute ushirika na kampuni za biashara. Fedha za serikali hazitoshi, wanafunzi ni wengi, na maabara zinahitaji mitambo na dawa za kupimia. Kampuni kwa upande wake inahitaji wasomi, maabara na jina zuri la chuo. Hivyo wawili hao wanakaa mezani, wanatia saini mkataba wa maelewano, wanapigwa picha wakishikana mikono, na habari inatoka gazetini. Mimi siupingi ushirika huo. Ninachouliza ni kwamba, wakati mikono inaposhikwa, mwananchi ambaye damu yake, maji yake au ardhi yake ndiyo inayochunguzwa ameketi wapi?

NDABIBI NI MFANO MZURI

Ndabibi, eneo la wakulima na wafugaji magharibi mwa Ziwa Naivasha, ni mahali pazuri pa kupimia swali hili. Upande mmoja kuna mashamba makubwa ya maua kandokando ya ziwa, yanayoajiri maelfu ya watu na kutumia dawa za kuua wadudu. Si mbali kuna Olkaria, ambako mvuke wa ardhini huzalisha umeme wa taifa. Karibu zaidi kuna Sonachi, ziwa dogo la magadi lililo ndani ya shimo la volkano ya kale, maji yake ya kijani. Na chini ya miguu ya kila mtu kuna miamba ya volkano ambayo ndiyo chanzo cha madini ya floridi yanayoharibu meno.

Kwa mtafiti, hapa ni ghala. Kwa kampuni, hapa kuna faida. Kwa mkazi, hapa ni nyumbani, na ni yeye anayebaki gari la watafiti likishaondoka.

FLORIDI NA WATOTO WETU

Tuanze na maji, kwani ndiyo yanayomgusa kila mmoja. Floridi kidogo husaidia kukinga meno yasioze, na ndiyo sababu hutiwa katika dawa nyingi za meno. Lakini ikizidi hugeuka kuwa madhara. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Katika Bonde la Ufa visima vingi virefu huzidi kiwango hicho, na katika maziwa ya magadi kama Nakuru na Elmenteita floridi imewahi kupimwa ikipita miligramu 1,000 kwa lita.

Madhara ya meno hutokea wakati meno ya kudumu yanapojengeka ndani ya ufizi, yaani tangu utotoni hadi kama umri wa miaka minane. Tabaka gumu la nje la jino halikomai vizuri. Huwa jeupe kama chaki, kisha hushika rangi ya kahawia, na likizidi humeguka. Mtu mzima aliyehamia Bonde la Ufa meno yake yakiwa yamekwisha kukomaa hapati rangi hiyo, lakini mifupa yake haijasalimika. Akinywa maji yenye floridi nyingi sana kwa miaka mingi anaweza kupata maumivu ya viungo, mgongo kukakamaa, na katika hali mbaya kabisa, mifupa kupinda.

Kuna jambo moja ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Kuchemsha maji huua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini hakuondoi floridi. Maji yakichemka sana na kupungua, floridi iliyobaki huwa nyingi zaidi katika kila kikombe. Dawa ya klorini nayo haiiondoi. Inahitajika njia nyingine, na njia hiyo haiwezi kupatikana bila utafiti. Hapa ndipo chuo na kiwanda vinapohitajiana kweli kweli.

NAKURU ILIONYESHA NJIA

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa ushirika uliozaa matunda. Mjini Nakuru, kitengo cha maji cha Dayosisi ya Kikatoliki kilishughulika kwa miaka mingi na makaa ya mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri kwa moto unaodhibitiwa, ikasagwa na kuchekechwa, kisha maji hupitishwa humo. Madini yaliyo katika mfupa huinasa floridi, na maji hutoka yakiwa salama. Ni kazi ambayo ukiitazama unaweza kudhani ni rahisi. Lakini moto ukiwa mdogo maji hunuka na kuwa na ladha mbaya. Ukizidi, makaa hupoteza nguvu ya kunasa.

Dayosisi hiyo ikashirikiana na Eawag, taasisi ya Uswisi ya utafiti wa maji iliyo katika familia moja na chuo kikuu cha ETH cha Zurich. Wataalamu wa pande zote mbili wakatafuta jinsi ya kuyafanya makaa hayo yadumu zaidi kabla ya kuchoka. Wakaunda vidonge vya kalsiamu na fosfeti vinavyochanganywa na makaa ya mifupa, na mbinu hiyo ikaenea kwa jina la mji wetu: mbinu ya Nakuru. Baadaye kazi ya kutengeneza na kuuza mitambo ya kuchuja ikashikwa na kampuni iliyoundwa hapo hapo Nakuru, na ujuzi huo ukapelekwa hadi Ethiopia, ambako Bonde la Ufa lina tatizo lile lile.

Tazama, msomaji, mambo yalivyopangwa. Swali lilitoka kwa watu wenye shida, si kwa mfadhili. Malighafi ilikuwa mifupa ya vichinjio vya kwetu. Wataalamu wa ng'ambo walileta maabara na hesabu, lakini mtambo ulitengenezwa na kurekebishwa Nakuru. Na biashara iliingia mwishoni, wakati kilikuwepo kitu cha kuuza kinachofanya kazi.

Hata hivyo shida hazikwisha. Makaa hayo huchoka na lazima yabadilishwe. Asiyebadilisha hunywa maji yale yale ya zamani akidhani amekingwa. Kubadilisha kunataka fedha, na fedha hazipatikani kwa urahisi katika nyumba inayonunua maji kwa mtungi kutoka kwa mkokoteni wa punda. Wapo pia waumini wanaotaka kujua mfupa ni wa mnyama gani na alichinjwa vipi kabla hawajayanywa maji hayo. Maswali kama haya hayajibiwi na maabara peke yake. Yanajibiwa na wenyeji, na ndiyo maana nasema wawepo tangu siku ya kwanza.

VIJIDUDU VYA MAZIWA YA MAGADI

Sasa tuangalie upande wa pili wa shilingi. Ziwa la magadi kama Sonachi au Bogoria, kwa macho ya mtu wa kawaida, halina faida kubwa. Maji yake hayanyweki wala hayamwagilii shamba. Lakini ndani yake wanaishi vijidudu ambavyo vimezoea maji makali, na vijidudu hivyo hutoa vimeng'enya visivyoharibika ndani ya sabuni. Vimeng'enya vya aina hiyo hutiwa katika sabuni ya unga ili kuondoa madoa, na viwanda vya nguo huvitumia kufanya suruali mpya za jinzi zionekane kama zilizochakaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichukua sampuli kutoka maziwa yetu ya magadi. Baadhi ya vijidudu hivyo vikaishia mikononi mwa kampuni ya Genencor ya Marekani, ambayo ilitengeneza vimeng'enya na kuviuza. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilijitokeza hadharani kudai sehemu ya faida. Kampuni ilijitetea kwamba ilivipata kwa njia halali. Kila upande una maneno yake, lakini jambo moja halina ubishi: wakati mchanga na maji vilipokuwa vikitiwa katika chupa, mgao wa faida haukuwa umeandikwa mahali ambapo mwananchi wa Bonde la Ufa angeweza kuusoma.

Somo hilo halikupotea bure. Mwaka 2006 Kenya ilitoa kanuni chini ya sheria ya mazingira zinazomtaka yeyote anayechukua viumbe hai kwa ajili ya utafiti wa aina hii apate kwanza kibali, apate ridhaa ya wahusika, na akubaliane nao juu ya mgao wa faida. Mwaka 2007 KWS ilitia saini mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark, ukiwa na vipengele vya malipo na mafunzo kwa Wakenya. Mkataba wa kimataifa wa Nagoya, uliopitishwa mwaka 2010, ukaanza kutumika mwaka 2014. Kwa hiyo anayekuja leo Sonachi na chupa zake hawezi kusema hakujua.

Je, haya yanahusu nini ukurasa wa afya? Yanahusu sana. Kijidudu kinachotoa kimeng'enya cha sabuni leo, kesho nduguye anaweza kutoa dawa. Na ikiwa mgao wa sabuni ulitupita, mgao wa dawa utatupita vilevile tusipojifunza. Hasara ya dawa ni kubwa zaidi, maana tutarudi kuinunua kwa bei ya ng'ambo tukiwa wagonjwa.

DAMU YA MAJENGO

Yupo atakayesema kwamba hayo ni mambo ya maziwa na vijidudu, na kwamba mahali panapohusu uhai wa binadamu wasomi huwa waangalifu. Akumbuke kisa cha chanjo ya Ukimwi.

Kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Nairobi, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada, kilifuatilia afya ya akina mama wa Majengo, Nairobi, waliokuwa wakifanya biashara ya ngono. Ikagunduliwa kwamba wachache kati yao hawakuambukizwa virusi ingawa walikutana navyo mara nyingi. Damu yao ikawa chanzo cha matumaini ya chanjo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford wakaingia katika kazi hiyo. Mwaka 2000 zikatokea kelele kubwa nchini ilipofahamika kwamba ombi la hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, lilikuwa limewasilishwa bila jina la Chuo Kikuu cha Nairobi. Baada ya malalamiko, pande hizo zilikaa upya na Nairobi ikapewa nafasi yake. Majaribio yalianza Nairobi mwaka 2001, na kufikia mwaka 2004 ikaonekana wazi kwamba chanjo hiyo haikuamsha kinga ya kutosha.

Hataza ile haikuleta utajiri kwa yeyote, lakini fundisho lake ni la thamani. Walioandika ombi walikuwa wasomi wenzetu, wala hawakuwa wezi wa usiku. Waliachana njiani kwa sababu mkataba wa awali haukusema waziwazi nani atamiliki nini. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Urafiki wa maprofesa si daftari.

Jambo jingine ni haraka. Mwaka 1990 taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, ikiwa na washirika wa ng'ambo, ilitangaza Kemron kuwa tiba ya kutumainiwa kwa wagonjwa wa Ukimwi. Taifa zima likashangilia. Majaribio yaliyofuata kwingineko hayakuonyesha kwamba dawa hiyo ilisaidia. Mahali ambapo heshima ya nchi na matumaini ya mauzo vimechanganyika, ni vigumu mtu kusema "tungojeni kwanza". Lakini hilo ndilo neno ambalo mgonjwa anahitaji kulisikia kutoka kwa chuo.

MATOKEO YASIYOPENDEZA

Hatari kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, si ya fedha. Ni ya kufungwa mdomo.

Huko Marekani, mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, Betty Dong, alilipiwa na kampuni ya dawa ili alinganishe dawa yake ya tezi ya shingo na dawa za bei nafuu za wapinzani. Kampuni ilitumaini yake ingeshinda. Utafiti ulipokamilika mwaka 1990 ulionyesha kwamba dawa hizo hazikuwa na tofauti. Wagonjwa wangeweza kutumia ile ya bei nafuu bila kudhurika. Lakini katika mkataba kulikuwa na kifungu kilichozuia matokeo yasichapishwe bila idhini ya kampuni. Makala ilikuwa tayari kutoka katika jarida kubwa la madaktari mwaka 1995, ikaondolewa dakika za mwisho. Haikusomwa hadi mwaka 1997. Kwa miaka hiyo yote wagonjwa waliendelea kununua ya bei ghali.

Ikiwa haya yalitokea katika chuo tajiri chenye mawakili wake, chuo chetu chenye shida ya fedha kitafanyaje? Chukua mfano wa wafanyakazi wanaopuliza dawa za wadudu katika mashamba ya maua. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama dawa za aina fulani zimeanza kumdhuru mpulizaji, kabla hajaanza kutapika au kuona ukungu machoni. Tuseme kampuni ya dawa inakilipa chuo kikuu kipime damu ya wapulizaji hao. Kama matokeo ni mazuri, yatatangazwa. Kama ni mabaya, nani ataruhusiwa kuyasema? Je, mpulizaji mwenyewe ataambiwa hali ya damu yake, au itabaki namba katika kompyuta ya watu wengine? Na kama yataonyeshwa kwa mwajiri kabla ya kuonyeshwa kwake, hatapoteza kibarua?

Haya si maswali ya kumchukia mwekezaji. Ni maswali ambayo mkataba mzuri huyajibu kabla sindano haijaingia mshipani.

MKATABA USEME NINI

Kwa hiyo, chuo kikuu kinapojenga ushirika na kampuni, naona kuna mambo matano ambayo hayafai kuachwa.

Kwanza, haki ya kuchapisha. Ni sawa kampuni kupewa muda mfupi, mwezi mmoja au miwili hivi, wa kusoma makala kabla haijatoka ili ilinde siri yake ya kiwanda au iombe hataza. Si sawa kupewa uwezo wa kuizima. Na lolote linalohusu hatari kwa afya ya watu litolewe mara moja, bila kungojea muda huo kwisha.

Pili, umiliki uandikwe mapema. Ikiwa kitapatikana kitu cha kuuzwa, chuo kina fungu gani, mtafiti fungu gani, kampuni fungu gani, na jamii iliyotoa sampuli fungu gani? Asilimia zijadiliwe wakati bado hakuna faida, kwa sababu faida ikishaonekana kila mtu husahau urafiki.

Tatu, fedha zipitie mlango wa mbele. Zilipwe kwa chuo, zikaguliwe, na mtafiti mwenye hisa katika kampuni au anayelipwa nayo kando atangaze hivyo. Msomi anayepima dawa huku mfukoni ana hisa za mwenye dawa, hata akiwa mwaminifu, hataaminiwa.

Nne, matokeo yarudi kijijini kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, katika baraza, kanisani, zahanati na shuleni. Tasnifu ya kurasa 200 iliyo katika maktaba ya mbali haiwezi kumsaidia mama anayechota maji. Karatasi moja iliyobandikwa kisimani ikisema "maji haya yana floridi kiasi hiki, watoto wadogo wasiyanywe" inaweza kuokoa tabasamu la kizazi kizima.

Tano, mtambo usiachwe yatima. Watafiti wakija na kichujio cha majaribio, waseme mapema nani atakitunza mradi ukiisha, vipuri vitapatikana wapi, na mtungi mmoja wa maji utagharimu shilingi ngapi. Kichujio kilichokufa ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu watu hukiamini.

JE, KAMPUNI ZITAKIMBIA?

Najua wapo watakaosema kwamba tukiweka masharti mengi wafadhili watakwenda nchi nyingine. Hoja hiyo ina uzito wake. Utafiti wa dawa na maji ni ghali, na chuo kisicho na mshirika hubaki na chaki na ubao. Tena, urasimu wa kupita ofisi hii hadi ile kutafuta vibali umewachosha hata watafiti wetu wenyewe, ambao hawana nia ya kuiba chochote. Vibali hivyo vingepaswa kutolewa kwa haraka na mahali pamoja.

Lakini masharti yaliyo wazi hayamfukuzi mtu mwenye nia njema. Kinachomfukuza ni masharti yanayobadilika kila mara na kelele zinazozuka baada ya miaka kumi. Kampuni iliyotia saini mkataba wa haki inalala usingizi. Inajua hakuna atakayekuja kuidai kile ilichokwisha kukubali kulipa. Na kampuni inayokimbia kwa sababu imeombwa imwambie mpulizaji dawa hali ya damu yake, iache ikimbie.

Sheria tunazo. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari, na inaiamuru serikali ilinde viumbe na ujuzi wa jamii zetu. Sheria ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi ya mwaka 2013 inamtaka mtafiti awe na leseni ya tume ya NACOSTI. Kuna kamati za maadili ambazo lazima ziidhinishe utafiti wowote juu ya binadamu. Kinachokosekana ni mtu wa kijijini anayejua kwamba ana haki ya kuuliza.

WENYEJI WAFANYE NINI

Hapa ndipo kazi ya vyuo kama Egerton, iliyoanza kama shule ya kilimo pale Njoro mwaka 1939 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1987, inapohitajika. Chuo kilicho jirani hakiwezi kuja kama mgeni. Kinaweza kukaa na wazee, akina mama, wahudumu wa afya wa vijijini na vijana wa Ndabibi kabla ya kukaa na kampuni, kikawauliza ni tatizo gani wanataka litatuliwe kwanza. Serikali ya kaunti ya Nakuru nayo inaweza kuwa na daftari la wazi la kila utafiti unaofanywa katika kaunti: nani anafanya, nani analipa, na matokeo yatatoka lini.

Mwananchi naye asikubali kutia kidole gumba pahali asipopaelewa. Watafiti wakifika nyumbani kwako, waulize kwa heshima: Leseni yenu iko wapi? Nani anawalipa? Mtakifanyia nini hiki mnachochukua? Mtarudi lini kutuambia mlichokipata? Nikikataa, kuna huduma nitakayonyimwa? Mtafiti wa kweli hatakasirika. Amefundishwa kuyajibu, na ni wajibu wake.

Wakati tukingoja mikataba hiyo mizuri, wazazi wasikae bure. Ukiweza, kinga maji ya mvua kutoka kwa paa safi la mabati na uyatenge kwa ajili ya watoto wadogo, kwani maji hayo karibu hayana floridi kabisa. Yachemshe ili kuua viini. Mnyonyeshe mtoto mchanga, maana maziwa ya mama huwa na floridi kidogo mno hata kama mama mwenyewe anakunywa maji ya kisima. Punguza magadi katika kupikia maharagwe na mboga, kwa sababu magadi nayo yana floridi. Mtoto atumie dawa ya meno kidogo tu, kiasi cha punje ya mbaazi, na ateme badala ya kumeza. Na kikundi chenu cha maji kidai kisima kipimwe na majibu yatolewe kwa maandishi.

Chuo kina elimu na kampuni ina mtaji, na vyote viwili vinahitajika Bonde la Ufa. Lakini mwenye maji, mwenye damu na mwenye ziwa naye ana kitu, tena ni kile ambacho bila hicho wale wawili hawana utafiti wa kufanya. Siku watakapoketi tena mezani, kiti cha tatu kiwekwe, na anayekikalia awe na nakala ya mkataba mkononi, katika lugha anayoisoma.